Mguu Niliouitikia kwa Kichwa

Nilipohamishiwa Mtwara kutoka Bukoba, miaka ya sabini ikiwa ndiyo kwanza inaanza, nilikuwa mganga msaidizi mwenye cheti kipya na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Kipimo cha moyo nilikivaa shingoni hata nilipokwenda kununua samaki.

Asubuhi moja aliletwa mama mmoja, mkulima wa upande wa Naliendele, anachemka homa na kutetemeka. Alinieleza habari ndefu kwa Kimakonde. Sikuelewa hata neno moja, lakini mganga hawezi kuonekana mjinga mbele ya wodi nzima, kwa hiyo niliitikia kwa kichwa kama mwenye hekima. "Malaria," nikaandika. Nikaagiza sindano ya klorokwini, nikaenda kunywa chai.

Alasiri sista wa wodi, mama wa makamo aliyezaliwa hukohuko, aliniita.

"Bwana mganga, mgonjwa wako homa imeshuka."

"Si nilisema?"

"Imeshuka mno. Mikono ni baridi, anahema mbiombio, na maneno yake hayaeleweki. Tangu aje hajakojoa."

Nilipima presha mara tatu, nikikilaumu kipimo. Ilikuwa chini kabisa. Sista akafunua khanga miguuni. Chini ya kitambaa chafu palikuwa na jeraha la jembe, na mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti. Harufu yake ilinirudisha nyuma hatua mbili. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu.

"Mbona hakusema?" niliuliza.

"Alikueleza asubuhi, nilimsikia. Ulivyoitikia kwa kichwa, nikajua umeelewa."

Daktari alikuwa safarini Newala. Tulimtundikia dripu mikono yote miwili, tukampa penisilini na kloramfenikoli kwenye mshipa. Kisha ikabidi nipasue mguu. Nikapitisha kisu juujuu.

"Kata zaidi, bwana mganga," sista alinong'ona. "Hapo unamkuna tu."

Nikakata. Usaha ukaruka, koti langu likapata sehemu yake. Kabla ya magharibi mkojo ulianza kutoka, kidogo, mweusi kama chai ya mkandaa, nami niliushangilia kama bao la dakika ya mwisho. Siku ya nne yule mama aliomba uji.

Daktari aliporudi alimkata kidole kimoja cha mguu kilichokuwa kimekufa, akasoma faili, akauliza, "Nani aliyegundua?"

Nilikohoa kwanza, nikitumaini atauliza jambo lingine. Hakuuliza.

"Sista," nikasema.

Yule mama alikaa wodini wiki tano. Siku ya kuondoka nilimwomba sista aniombee radhi kwake, na safari hii nilieleza yote, bila kujipendelea. Mama alisikiliza, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema ulikuwa mgeni," sista alinitafsiria.

Mama akaegemea mkongojo wake, akatoka.