Nguzo ya Bango la Sigor

Mwanangu, nimesikia umepewa kazi ya kusimamisha bango la taa kule Mulot, na nimefurahi mpaka mama yako akaniuliza ninacheka nini. Kabla hujafunga mkoba wako wa vifaa, kaa hapa kidogo. Nakumbuka asubuhi moja Sigor ambayo sijawahi kukusimulia yote, kwa sababu ya aibu.

Nilikuwa kijana, nimehitimu juzijuzi, na nilijiona fundi kuliko mafundi. Mzee Odhiambo wa Kericho, aliyenifundisha kazi ya stima, alinituma peke yangu nikaweke bango la chuma mbele ya duka la dawa za mifugo. Lilisimama juu ya nguzo mbili, na taa ndani yake. Kando ya nguzo moja Mama Chebet aliuza chai. Siku zote tatu za kazi alinimiminia kikombe cha kwanza, akiniita lakwet, yaani mtoto, ingawa nilikuwa na ndevu. Nami nilizipenda ndevu zile kweli.

Kazi ilinishinda mahali pamoja. Sheria yetu inataka chuma chote cha bango kifungwe waya wa kijani, yaani waya wa ardhi, urudi mpaka kwenye boksi la fyuzi dukani. Waya wa taa ulipita juu hewani, lakini huu ilibidi niuchimbie mtaro wa hatua ishirini, na ardhi ilikuwa kavu kama tofali. Nikajiambia, nguzo zenyewe zimesimama udongoni, zinahitaji ardhi gani nyingine? Nikamwambia mzee nimemaliza yote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilidumu wiki mbili.

Mvua ilinyesha, na upepo ukatikisa bango mpaka waya wa taa ukachubuka kwenye ukingo wa chuma. Asubuhi Mama Chebet alishika nguzo afunge turubai lake, stima ikamrusha chini. Jirani alizima swichi kubwa. Habari ilipotufikia Kericho, tuliondoka na mzee papo hapo, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo tumkute hai.

Tulimkuta ameketi, mkono wa kulia umekufa ganzi.

"Lakwet, hiyo chuma yako imeniuma," akasema. Kisha akaanza kunimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Mwanangu, afadhali angenitukana.

Mzee Odhiambo aliwasogeza watu mbali, akawasha swichi, akagusisha testa yake ya kupimia stima kwenye nguzo. Kitaa chake kikawaka.

"Shika hiyo posti," akaniambia.

Nikarudi nyuma.

"Sasa kama wewe mwenye uliijenga unaogopa, ulitaka huyu mama ashike na mkono gani?"

 Alizima stima, akanipa jembe, na nilipokuwa nachimba akanieleza kwa upole, maana hasira zake zilikuwa fupi. Waya utachubuka siku moja, upepo hauna adabu. Udongo peke yake unaipitisha stima kidogokidogo, kama lori lililokwama kwenye tope, na fyuzi haina habari. Chuma kinabaki na moto wa stima, kinangoja mtu. Lakini ukiwepo waya wa kijani, stima inarudi mbio kwenye boksi na fyuzi inakatika papo hapo.

Tulifunga waya, tukabadilisha ule uliochubuka, tukapima kila kiungo. Stima ikawashwa, testa ikakaa kimya. Ndipo mzee akavua gambuti zake, akakanyaga tope kwa miguu mitupu, akaishika nguzo kabla yangu. "Kazi ya kijana wangu," akawaambia watu. Alisema hivyo baada ya uongo wangu wote. Nikaishika kwa mikono miwili, nikilia bila kujificha. Mama Chebet akaja polepole, akauweka mkono wake wa kulia, bado mzito, kando ya wangu.

Basi sikia, mwanangu. Usifunge kazi ambayo huwezi kumwambia mama yako aiegemee. Waya wa kijani hauwashi taa, na mwenye bango hatauulizia. Wewe ndiye wa kuukumbuka. Upime kwanza, usimwamini mtu mdomo, hata mimi. Ukikutana na ardhi ngumu, chimba. Na ukikosea, sema mapema, maana majuto ni mjukuu, na wengine hawapati nafasi ya kumwomba msamaha waliyemuumiza. Mimi nilipata, na chai juu yake.

Nenda Mulot salama. Mungu akulinde juu ya ngazi, akupe mvumilivu wa kukufundisha kama nilivyopewa mimi, na kila atakayechoka akaegemea nguzo yako apumzike tu, anywe chai yake, asijue hata jina lako.