Ngao ya Kidole Gumba

Nakumbuka, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau, asubuhi moja kabla ya sikukuu ya Madaraka nilipoagiza bendera za watoto wadogo zitiwe motoni ili uji uchemke.

Sikukusudia kuiandika habari hii. Nimekaa na aibu yake karibu miaka arubaini, nikimwomba Mola anisamehe, na nilidhani nitaondoka nayo. Lakini juma lililopita mjukuu wangu wa miaka minne alirudi kutoka shule na bendera ya karatasi ngumu. Ilikuwa imekatwa kwa mashine, imenyooka, ngao katikati barabara, mikuki imepishana sawasawa. Nikamwuliza ameitengenezaje. Akanijibu bila huzuni yoyote, "Mimi nilikaa tu, Bibi. Tuliambiwa tusiguse."

Mtu wa umri wangu, aliyefunzwa kushukuru na kusubiri, haoni fahari kusema amekasirika. Lakini nimekasirika, na nakueleza kwa nini, kwa sababu sehemu kubwa ya hasira hii naistahili mimi mwenyewe.

Katika miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa chekechea pale Muyeye. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuoni kwa maalimu wangu na juzuu kadhaa za Kurani kifuani, na nilidhani mtu akishajua kusoma vizuri amekwisha kujua na kulea. Darasa letu lilikuwa chumba kimoja cha udongo na makuti, watoto thelathini na mmoja. Wengine wazazi wao wametoka bara kutafuta kazi, wengine Wagiriama wa mashamba ya ndani, wengine wa mjini kama mimi. Tulikuwa na mpishi mmoja, Bi Dama, mama wa makamo kutoka upande wa Marafa, ambaye kila asubuhi alipika sufuria ya uji nyuma ya darasa. Hakujua kusoma, na mimi nilimheshimu kwa mdomo tu.

Mwaka ule tuliambiwa kwamba siku ya Madaraka watoto wetu wataimba mbele ya mgeni, afisa kutoka mjini, kila mmoja akiwa na bendera yake. Vifaa hatukuwa navyo. Nikaomba karatasi za mitihani ya zamani kwa jirani zetu wa shule ya msingi, zilizoandikwa upande mmoja. Rangi tukazitafuta wenyewe. Nyeusi ilikuwa makaa ya vifuu vya nazi, yaliyopondwa na kukorogwa na uji mwepesi. Kijani ni majani ya kunde, mtoto anayafikicha juu ya karatasi mpaka yatoe maji. Nyekundu ilikuwa ganda la mkoko lililochemshwa, maana wazee wa baadhi ya watoto hawa walikuwa wakitia rangi nyavu zao kwa maji hayo. Nyeupe ikawa ni ile karatasi yenyewe, ukijua pa kuiacha. Njiti ya ukuti ikawa mlingoti, na unga wa muhogo ukawa gundi.

Tulifanya kazi siku tatu, mwanangu, na sijaona darasa lenye furaha kama lile. Watoto walikuwa weusi mpaka masikioni. Walibishana ipi ni bendera na ipi ni leso ya mama.

Alikuwepo msichana mmoja wa miaka mitano jina lake Kadzo. Huyu alikuwa mkimya, akijibu kwa kutikisa kichwa. Baba yake, Charo, alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, na nyumbani Muyeye alionekana siku za sikukuu za taifa tu, maana ndizo siku alizopewa ruhusa. Basi Kadzo alijua, na mama yake alikuwa ameniambia, kwamba Madaraka hii baba atakuja kumtazama. Siku ile ya tatu alifanya jambo ambalo sikumfundisha. Wenzake walikuwa wamechora ngao kwa kijiti, nyingine kama samaki, nyingine kama kitumbua. Yeye alichovya kidole gumba kwenye maji ya mkoko, akakibandika katikati ya bendera, akakikandamiza kwa nguvu zake zote. Kisha akazungumza, na sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo. "Baba huweka kidole hivi kwa chifu. Akiiona atajua ni yangu."

Wenzake wakamuiga. Kufikia saa nne nilikuwa na bendera thelathini na moja, na karibu kila moja ina ngao ya kidole gumba.

Nilipozitandaza juani zikauke, mwenyekiti wa kamati ya wazazi alipita. Akazitazama, akaniuliza kama nina hakika nataka mgeni azione hizi. Ile nyekundu ilikuwa hudhurungi, akasema. Hii hapa mistari imegeuka juu chini. Na hizi alama za vidole, je, ni bendera ya Jamhuri au ni karatasi za kesi? Akacheka, nami nikacheka pamoja naye. Kicheko kile ndicho kilichoniangusha. Ningeweza kumwambia, bwana mwenyekiti, hawa wana miaka minne na mitano. Sikumwambia. Nilitaka kuitwa mwalimu hodari.

Mchana ule nilikwenda dukani mjini nikarudi na kalamu za rangi na karatasi safi. Nikaketi kwa mchana uliobaki wa siku ile na wote wa siku iliyofuata, nikapima kwa rula, nikakata, nikapaka. Bendera thelathini na moja, zote sawa kama zimetoka kwenye chapa moja. Kazi yangu nikaiona nzuri. Asubuhi iliyotangulia sikukuu nikakusanya zile za watoto, nikampelekea Bi Dama jikoni awashie moto, kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi. Akaniuliza, "Zote, Mwalimu?" Nikamjibu zote, na afanye haraka. Akazishika, akainama kuzitia motoni.

Siku yenyewe, uwanja ulijaa. Watoto wakasimama safu tatu, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kila mmoja na bendera yangu mkononi. Niliwaambia wasizipeperushe sana zisije zikachanika. Wakaimba vizuri. Charo alikuwa amesimama pembeni na mama Kadzo, shati lake limepigwa pasi, magamba ya chumvi bado yanaonekana kwenye viatu vyake. Alikuwa akiinama na kuinuka, akitafuta pembe ya kuiona bendera ya mwanawe. Na Kadzo alikuwa ameishika yake kiunoni, kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake.

Mgeni alifurahi sana. Alikuwa mtu mwema, akachuchumaa mbele ya safu ya kwanza akawauliza, "Ni nani aliyetengeneza bendera nzuri hizi?"

Alitegemea kusikia neno moja tu, "Sisi," na sote tulilitegemea. Watoto wale, ambao nilikuwa nimewafunza kuitikia kwa pamoja na kwa sauti, wakaitikia kwa pamoja na kwa sauti: "Mwalimu."

Uwanja mzima ulicheka. Mgeni naye alicheka, akanigeukia akanisifu kwa bidii yangu, na aliniambia hayo kwa moyo safi. Mtu mmoja nyuma akauliza, basi mwalimu naye ataimba lini. Mimi nilitamani ardhi inifunike.

Lakini hilo, mwanangu, lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuja watu walipotawanyika. Charo alinifuata na Kadzo mkononi. Akanisalimu kwa adabu, akasema mtoto amemwambia kwamba bendera yake ni nyingine, ina kidole, na kama naweza kumwonyesha kabla hajaondoka, maana gari la kumrudisha Gongoni ni la saa nane. Nikasema haipo. Akadhani imepotea, akaniambia si neno, watasaidiana kuitafuta. Ikabidi nimwambie.

Hakunikemea. Alitazama kidole gumba chake mwenyewe, kilichopasuka kwa chumvi. "Mimi sijui kuandika jina langu, Mwalimu," akasema. "Karatasi zote nilizowahi kuzitia kidole ni za watu wengine. Hii ingekuwa yetu." Kisha akamnyanyua mtoto, akaondoka.

Nilikwenda kujificha jikoni. Bi Dama alikuwa akisugua sufuria na hakuniangalia. Nikaanza kujitetea, kwamba mwenyekiti alisema, kwamba mgeni angetucheka, kwamba nilichoka kwa ajili ya shule. Aliendelea kusugua mpaka nikamaliza.

"Mimi sikusoma," akasema. "Wewe umesoma, wajua amana ni nini kuliko mimi. Mzazi akikuletea mtoto asubuhi amekuletea na vidole vyake. Wewe umevirudisha vikavu. Na mimi umenituma kuwasha moto kwa kazi yao, na nikakutii, na usiku huu nitamwambia nini Mungu?"

Hakuna hotuba niliyowahi kuisikia, msikitini wala chuoni, iliyoniingia kama maneno yale ya mpishi wa uji.

Baada ya sikukuu niliwaomba watoto radhi, nikachemsha tena ganda la mkoko. Wote walirudi kwenye rangi kwa shangwe, maana mtoto husamehe upesi kuliko sisi. Kadzo naye alipaka. Mistari yake ilinyooka kuliko ile ya kwanza, lakini katikati aliacha patupu. Nikamwuliza ngao iko wapi. Akanitazama kwa heshima zote, akanijibu, "Ngao utaweka wewe, Mwalimu."

Nimezeeka na jawabu hilo. Bendera ile ilining'inia ukutani bila ngao muhula mzima, na mimi sikuigusa. Sikukuu ya Oktoba ilipofika, baba yake alikuja asubuhi mapema, akaingia darasani, akaiona. Sijui walizungumza nini, nilikuwa nimewaachia chumba. Niliporudi palikuwa na alama mbili mbichi katikati ya bendera, moja kubwa yenye mipasuko na moja ndogo juu yake.

Sasa nakuambia wewe uliye mwalimu leo, au mzazi, au shangazi mwenye mkasi mkali na mkono mzuri. Mtoto si mlingoti wa kutundikia kazi ya mtu mzima. Siku ya taifa inapokuja na ukaona bendera yake imekwenda upande, iache iende upande. Ukitaka kumsaidia, mshikie karatasi isipeperuke. Ukiona haya mbele ya wageni, beba haya hiyo wewe, ni yako, usimpe mtoto aibebe. Nchi hii tuliambiwa ni yetu sote, basi mtoto atajuaje ni yake, ikiwa hata karatasi yake amekatazwa kuigusa? Na ukiwa umekwisha kukosea kama mimi, usijitetee jikoni. Nenda ukaombe radhi, kisha ungoje, hata kama ni muhula mzima.

Mwenyezi Mungu akujaalie, mwanangu, mikono inayojua wakati wa kujizuia. Akuwekee karibu mtu kama Bi Dama wa kukuambia ukweli, na masikio ya kumsikia kabla hujawasha moto. Na watoto wako warudi nyumbani kila jioni na rangi vidoleni. Amina.