Chanuo la Koloneli

Kalumba, mchomeleaji wa mageti pale Kolwezi, aliamini maisha yake yote kwamba chombo kisichouma hakifanyi kazi. Kwenye chuma, imani hiyo ilimpa heshima. Kwenye mbwa, ilimletea msiba.

Koloneli aliachwa kwake na karani mmoja aliyehamishiwa Kinshasa. Alikuwa mbwa mweupe, lakini kwenye cheti cha kuzaliwa tu, maana malori ya mgodi wa Mashamba yalishampaka vumbi jekundu la barabara nzima. Kifuani manyoya yalifungana kama mkeka uliochezewa harusi tatu.

Jumamosi Kalumba alichukua brashi ya waya, ile ya kutolea kutu, akapiga mkwaruzo mmoja. Koloneli akalia, akaingia chini ya kitanda, akagoma. Henriette, mkewe, alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwita kwa jina la binti yao.

"Tata Jémima, ile imbwa ni mulango ya garage?"

"Mama, shi iko na buchafu ya nguvu!"

"Sawa. Umuumize tena mara moja tu, kesho namutuma kwa dada yangu kule Kisenge."

Kalumba alinywea. Tangu binti yao Jémima aolewe, ni Koloneli peke yake aliyempokea getini kwa furaha. Henriette alimpokea kwa maswali.

Akakata shauri la kifundi: kila chombo kitapita kwanza kwenye mwili wake mwenyewe. Brashi ya waya aliipitisha kwenye ndevu. Machozi, na nusu ya ndevu ikabaki kwenye waya. Wembe ukamchora kidole. Sabuni ya unga, ile inayong'oa matope ya mgodini, ilimwasha kwapani hadi akacheza bila muziki. Mashine ya kunyolea aliyoazima kwa kinyozi Guelord ilimnyoa mkono mmoja vizuri, kisha ikapata moto kama pasi.

"Guelord, hii ni ya kunyoa ao ya kuchoma?" akauliza alipoirudisha.

"Bantu bote banavumilia, Tata. Njo coiffure," akajibu, kana kwamba kunyoa na kuchoma ni kazi moja.

Kufikia saa kumi alikuwa na ndevu nusu na mkono mmoja wa kitoto. Vilivyofaulu vilikuwa viwili: mkasi wa ncha butu wa kukatia watoto kucha, na chanuo la meno mapana alilolikuta chumbani. Akamvuta Koloneli kwa kipande cha samaki, akafungua vinundo kwa vidole, kimoja kimoja, akishika manyoya karibu na shina ili ngozi isivutwe. Penye fundo gumu alipitisha chanuo kati ya ngozi na mkasi, ndipo akakata. Mwisho, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto mchanga. Koloneli alinguruma mara mbili, kisha akakoroma.

Henriette akaja kukagua. Akapekua tumbo, masikio, kwapa. Hakuna hata mkwaruzo mpya.

"Anabakia," akasema. Halafu macho yakamtoka. "Wee mwanaume! Ile chanuo ni ya perruque yangu!"

Kalumba akalitazama chanuo la wigi mkononi mwake. "Shi njo yenye haiume, Mama."

Henriette akamtazama mbwa aliyelala chali. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, akavua kitambaa cha kichwa.

"Unichane na mi. Polepole, sawa vile ulifanya imbwa. Lakini kwanza uioshe!"