Nilitengeneza mashine ya kukamata mikwaruzo ya spika, ikamkamata mama wa kwaya

Wakuu, salaam kutoka Bariadi. Leo umeme upo na wateja hawapo, kwa hiyo naomba nilitue hili jambo. Sina faida ya kudanganya, maana ukweli wenyewe unanivua nguo mimi.

Mimi ni fundi wa redio na spika, kibanda changu kipo Somanda. Jumapili nakaa kwenye mitambo ya kanisa letu.

Kwaya yetu ina mama mmoja, tumwite Mama Kabula. Mkulima wa pamba, kwao upande wa Lagangabilili. Huyu kuimba alijifunzia shambani, watu wakilima pamoja na mmoja akiwaongoza kwa wimbo. Huko hakuna maiki. Akiimba, anaimba kweli.

Tatizo: kila akishika maiki, spika zinakwaruza mpaka watu wanakunja sura.

Mwalimu wa kwaya akaamua kwamba ubovu uko kwenye koo la mama. Na tulikuwa tumealikwa kwenye tamasha la kwaya Lamadi. Wimbo wa kupeleka aliutunga Mama Kabula mwenyewe akipalilia pamba. Mwalimu akasema wimbo utaenda, ila ataongoza mtu mwingine.

Mama hakubishana. Ila mazoezini alianza kukaa benchi la nyuma, na mimi roho iliniuma.

Nikasema hapa sayansi iamue. Nilikuwa nimejifunza machine learning, yaani kuifundisha kompyuta kwa mifano, kwa video za mtandaoni, na laptop yangu ya mtumba bado inapumua.

Kwa wasiojua: amplifaya ikizidiwa, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Hapo noti moja inazaa watoto ambao hawakuimbwa. Unaingiza mtetemo wa hertz 400, unatoka ukiwa na 800 na 1200 za kuongezwa. Hiyo ndiyo harmonic distortion. Ugumu ni kwamba sauti ya binadamu nayo ina watoto wake wa asili, kwa hiyo kompyuta lazima ifundishwe kutofautisha.

Nikachukua rekodi za ibada, nikazikata vipande vifupi. Mimi na mwalimu tukakaa na soda, tukasikiliza kimoja kimoja. Hiki safi, hiki mbovu.

Modeli, yaani programu iliyojifunza kwa vipande hivyo, ikafuzu vizuri ajabu. Ilikuwa haikosei! Nikajiona nimeshafika ng'ambo.

Mazoezi yaliyofuata nikaionyesha. Kila anapoimba Mama Kabula: MBOVU. Wengine wote: SAFI.

Mwalimu akageukia kwaya. "Mmeona wenyewe. Hata kompyuta imekataa."

Wakuu, nilitaka kumsaidia yule mama, nikawa nimempigilia msumari.

Kesho yake akaja kibandani, kanga begani.

"Baba, nimekuja unionyeshe hicho kinachonikataa."

Nikamwekea mbele simu niliyoiunganisha na laptop yenye modeli, aimbe bila maiki wala spika. Akaimba. MBOVU. Akaimba taratibu, kama anabembeleza mtoto. MBOVU.

Kisha akainamia simu na kuisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila!"

MBOVU.

Akacheka mpaka akashika meza. "Hata salamu, baba? Hiki kitu hakisikilizi. Kinanijua tu."

Pale hapakuwa na amplifaya, mkwaruzo ungetoka wapi? Mashine yangu haikujifunza distortion hata kidogo. Ilijifunza kumtambua Mama Kabula. Mimi na mwalimu tuliposikia sauti yake tu, tuliandika mbovu, hata vipande ambavyo vilikuwa safi. Mashine ikatutii.

"Nisamehe, mayu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Kwanza tengeneza," akajibu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

Nikaanza upya, na safari hii sikutumia masikio ya mtu. Nikachukua sauti safi za wanakwaya mbalimbali, yake ikiwemo, nikazipitisha kwenye amplifaya ya kibandani. Mara kwa kiasi, mara kwa kuizidisha makusudi. Jibu la safi au mbovu lilitokana na nilivyoseti amplifaya, siyo na nani anaimba.

Modeli mpya haikuwa na mbwembwe, ilikosea hapa na pale. Lakini mama alipoisalimia ilisema SAFI.

Nikairudisha kwenye rekodi za ibada. Ikashika mkwaruzo kwa Mama Kabula, ndiyo. Ikashika pia kwa mzee wa matangazo akipaza sauti. Ikashika na kwa mwalimu mwenyewe akikemea waimbaji wa sauti ya pili. Kila mwenye sauti kubwa.

Nikaenda kanisani kukagua mixer, ule mtambo wa kuchanganya sauti. Kile kidude cha gain, cha kuongeza nguvu ya sauti inayoingia, cha maiki ya mbele kilikuwa juu kupita kiasi, kwa sababu wengine wananong'ona. Na juu yake kulikuwa na selotepu ili mtu asikiguse.

Selotepu niliibandika mimi.

Nyani haoni kundule, wakuu. Nimetengeneza modeli mbili kutafuta kosa lililokuwa chini ya kidole changu.

Nikasimama mbele ya kwaya nikasema yote. Nikabandua selotepu, nikashusha gain, nikamwomba mama aimbe. Ilitoka sauti ambayo hatukuwahi kuisikia pale ndani, pana, haina hata doa. Mwalimu hakuomba msamaha. Alikohoa, akasema, "Basi, Mama Kabula, njoo mbele tuendelee."

Lamadi aliongoza yeye. Watu walisimama kabla wimbo haujaisha, na mimi nililia nyuma ya mixer, sioni haya kusema.

Aliposhuka alinipitia. "Wabeja, baba," akanishukuru kwa Kisukuma. "Leo mashine yako imesemaje?"

Nikamwambia leo sikuiwasha.

Nilichojifunza ni kwamba kompyuta ukiipa chuki yako, itakurudishia ikiwa imevaa suti. Modeli ya kwanza sijaifuta. Akipita kibandani huwa anaisalimia, inamkataa, anacheka, anaenda zake sokoni.

Wajuzi wa sauti na data, njooni mnikosoe, modeli ya pili bado inababaika kwenye ngoma. Na wewe uliyewahi kuhukumiwa na mashine kwa kosa la fundi, kaa hapa utusimulie.