Divai ya Würzburg, Kasiksi ya Vuhovi

Rafiki, nilikunywa divai ya Würzburg nikiwa nimesimama juu ya daraja ya zamani, saa kumi ya jua kali, na sikusikia utamu yoyote. Njo desturi ya ule muji ya Ujerumani: mutu ananunua bilauri ya divai, anasimama kati ya basantu ba mawe, sanamu za watakatifu, anaangalia muto. Bengine banakuja kuona makanisa na kukula soseji. Miye nilikuja kutafuta baba yangu. Kazi ilikuwa imenifikisha Ulaya, nikapata siku tatu ya mapumziko, nikasema basi, leo njo leo.

Ule muji niliujua tangu kwetu Butembo, mu mutaa ya Kimemi. Baba alikuwa shofere ya camion, lori ya mizigo ya kwenda Beni. Nilikuwa na miaka sita wakati siku moja hakurudi, nikaanguka mugonjwa kwa kumuita. Kisha barua ikafika: baba iko Ulaya, mu Würzburg, anatumika mu mashamba ya mizabibu, atarudi. Tangu pale, siku ya Mungu kisha misa, jirani yetu mwalimu alikuwa anakuja na barua, anavaa miwani, anatusomea. Koko, mama ya baba, alikuwa anapakua fufu na sombe ya mafuta ya mawese, lakini hakukuwa anagusa chakula mbele barua iishe. Baba alikuwa anaandika: kuko daraja yenye basantu kumi na mbili, chupa ya divai iko fupi na tumbo kubwa sawa kibuyu, soseji iko murefu kupita mukono yako. Tena aliandika namna banamama banapandisha zabibu mu kitunga, kamba kwenye paji ya uso, namna banazikanyaga mu mutumbwi ya muti na kuzifunika na majani ya ndizi mpaka zichache. Nilikuwa najivuna ku masomo, wee! Batoto benzangu banachoka kunisikiliza. Kisha, nilipokuwa mukubwa, barua zikakatika, lakini sikuacha kungoja.

Siku ya posho, mbele ya ile ya barua, tulikuwa tunashuka Vuhovi, ku shamba ya ndizi ya koko. Ndizi zenye kuiva mu shimo zilikuwa zinanukia mpaka nyuki banakuja. Nilikuwa nakanyaga na nyasi mu mutumbwi, koko anaongeza mutama ya kukaanga, anaimba polepole. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikikuwa tayari, kikombe ya kwanza hapana mutu kuigusa. Koko alikuwa ananipatia: "Peleka kwa mwenye shamba." Naenda mwisho ya shamba, chini ya muti moja, naimwanga ku udongo.

"Koko, mwenye shamba njo nani?"

"Mutu muzuri. Mwanga tu, usikanyage pale."

Donc, siku ya pili mu Würzburg, nikaenda kwa mama muzee mwenye kutengeneza divai. Alinipokea muzuri, haki yake. Akanipa keki ya vitunguu na soseji, na soseji yenyewe ilikuwa sawa kidole. Nikamuonyesha picha ya baba, hakumujua. Nikamuuliza na Kijerumani yangu ya kuvunjika: mutumbwi ya kukanyagia zabibu iko wapi? Majani ya ndizi munayatoa wapi? Akanipeleka kwenye mapipa ya chuma yenye kungaa, akacheka bila ubaya, akasema huku ndizi inapatikana ku duka tu. Nikarudisha picha ya baba mu mufuko. Mutu mwenye kuandika zile barua hakufika Ulaya hata siku moja. Alikuwa anaangalia koko yangu anatengeneza kasiksi.

Nikaita tantine, dada ya baba, kwake mu mutaa ya Beu, mu Beni.

"Tantine, baba alifika huku kweli?"

Nikasikia anafukuza kuku zake. Kisha: "Ee, mwana yangu. Nilizania koko alikuambia mbele ya kufa. Camion ilipinduka naye mu njia ya Beni. Weye ulikuwa unaugua, unakatala kukula. Mwalimu akaandika barua moja, ukaamka, ukaomba uji. Tungefanya nini? Tukaendelea."

"Na daraja? Na basantu?"

"Mwalimu alikuwa na kalandari ya paroisse, ya parokia, ku ukuta, yenye picha za ule muji."

"Tantine, mulimuzika wapi?"

"Vuhovi. Mwisho ya shamba, chini ya ule muti."

Kimemi yote ilijua, rafiki. Hata bale benye kuniuliza "baba anasema nini?" banajua. Nina hasira, siifichi, na benye ningegombana nabo habako tena: koko alikufa, mwalimu alikufa, batu ba Vuhovi balikimbia vita, shamba imekuwa pori. Sina tena yule koko mwenye hakukuwa na uongo, wala zile siku za Mungu za fufu na sombe.

Miaka yote ile nilimumwangia baba yangu kikombe ya kwanza, kisha nikakimbia, nikingoja kesho nisikie barua yake. Balinipa muji nzima ya Ujerumani. Balininyima neno moja tu ya kusema pale chini ya muti: baba.