Madirisha Kumi na Mawili ya Lanchi ya Basra

Siku yangu ya kwanza kazini Matrah, bandari ya Omani, mwaka 1966, nilipewa nyundo na mkebe wa misumari ya inchi tatu. Nikaambiwa nikaifunge lanchi madirisha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, fundi wa milango na madirisha kutoka Unguja, na kazi nilikuwa nikiitaka kwa udi na uvumba. Hata hivyo nyundo ile niliiweka chini. Nawaelezeni nyinyi vijana kwa nini, kwani siku hizi nasikia mkisema wazee wenu walikuwa wakikubali kila walichoambiwa.

Wakati huo Matrah hapakuwa na gati la meli kubwa. Meli ilitia nanga mbali, abiria wakashuka ngazi ubavuni na kuletwa pwani kwa lanchi, yaani chombo kidogo cha injini. Lanchi yetu ilikuwa nzee, ndefu na nyembamba, iliundwa kwa ajili ya mifereji ya Basra ambako maji ni matamu na hayana mawimbi. Katikati ilikuwa na kibanda cha mbao chenye madirisha sita kila ubavu. Maji ya chumvi yalikuwa yamekula vyuma vyake vyote. Bwana mmoja kabla yangu aliitia skrubu za chuma kwenye bawaba za shaba, jambo ambalo fundi yeyote wa pwani angemzaba kofi kwa ajili yake, maana chuma na shaba vikikutana kwenye chumvi, chuma huliwa. Bawaba zikaanguka moja moja baharini. Vioo vikawekwa ghalani pamoja na fremu zake, na matundu yakazibwa kwa mbao.

Desturi ya abiria ilikuwa wanaume wakae juu, wanawake wakae ndani ya kibanda wasionekane. Basi waliozibiwa hewa ni wanawake. Nalijua hilo vizuri, kwa sababu miezi minne kabla mama yangu mzazi aliletwa pwani ndani ya kibanda kile, mwezi wa Juni, akatolewa amebebwa. Alipopata fahamu, swali lake la kwanza katika nchi ya babu zake lilikuwa, "Watu wanapumuaje mle?"

Sasa mbao zilikuwa zimelegea na Msimamizi wa karakana alitaka zikazwe. Msimamizi alizaliwa hapahapa Matrah lakini alilelewa Pemba, akarudi zamani kabla ya sisi tuliofukuzwa na mambo ya mwaka sitini na nne. Alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, na hakupenda kujibiwa.

"Mbona nyundo iko chini?" aliuliza.

"Sipigi misumari, ammi. Nipe nafasi nitafute bawaba, niyarejeshe madirisha."

"Weye umekuja jana, leo wanifunza kazi? Bawaba hizo hazipo Maskati nzima. Nimetafuta mie, nikachoka."

"Nitatafuta na mie nichoke."

Msimamizi akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Meli ya Bombay itafika baada ya wiki tatu. Siku hiyo madirisha yasipokuwa mahala pake, nyundo ataishika mwengine na weye utakwenda zako."

Hakujua kwamba ndani ya meli hiyohiyo atakuwemo mke wangu, Zuwena, akitokea kwetu kwa kupitia Bombay, na mimba ya miezi saba. Sikumwambia. Nilitaka madirisha yarudi kwa sababu ndivyo inavyostahili, si kwa sababu ya huruma yake.

Nilianza na maduka ya vyuma sokoni. Niliona bawaba za masanduku, bawaba za milango, hata bawaba za ngome ambazo mtu mmoja hawezi kuzinyanyua. Za kwangu hazikuwapo. Nikaenda Sidab, kijiji cha wavuvi, kwa miguu kuangalia vyombo vilivyovunjwa, nikarudi na malengelenge. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni, wenye maduka wakinicheka, nami nikiwachekea vilevile na kuuliza tena. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Kila asubuhi Msimamizi akinisalimia kwa kuutikisa mkebe wa misumari.

Hapo nikaamua kwamba kisichouzwa kitasubiwa. Kusubu ni kuyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu, yaani umbo lililogandamizwa kwenye mchanga. Alikuwapo mzee wa Kibalushi nyuma ya soko, Ustadh Murad, aliyekuwa akisubu kengele za ngamia. Akaniambia atafanya, ila nilete shaba yenyewe, pamoja na kielelezo cha mti ili akigandamize mchangani.

Shaba ilitoka kwa sarahangi, mkuu wa mabaharia wa lanchi. Alikuwa na rafadha ya zamani iliyovunjika pezi moja, lile pangaboi la chini linalosukuma chombo, akiitumia kama nanga ya mtumbwi wake. Nilipomwambia naihitajia, hakuuliza hata ya nini. "Ichukue," alisema. "Na mke wangu mie hukaa kibanda hichohicho."

Kielelezo nilikichonga mwenyewe. Bawaba moja tu ilikuwa imesalia, ubavu wa kushoto, nami nikaiiga sawasawa. Ilikuwa na vipande viwili: kimoja hufungwa kwenye ukingo wa tundu la dirisha na kina msumari uliosimama, cha pili hufungwa kwenye fremu na kina tundu la kuuvaa msumari ule. Tena vyote vimepinda kiwiko kwa upande mmoja. Nikasimama ndani ya kibanda, nikalikabili kila dirisha na kupima, na kila nilipopima bawaba ilikaa mkono wangu wa kulia. Ustadh Murad akasubu jozi ishirini na nne, mbili kwa kila dirisha. Rafadha ikaisha yote. Skrubu za shaba nilizipata kwa muuza masanduku ya maharusi.

Zikiwa zimebaki siku mbili, nikayaning'iniza madirisha ya kushoto, yakakaa kama yalivyozaliwa. Nikahamia kulia. Dirisha la kwanza tu likanionyesha kosa langu.

Fundi wa nyumba husimama akalikabili dirisha, kwani nyumba haina omo wala tezi. Chombo kina omo, ndiyo mbele, na tezi, ndiyo nyuma. Mkono wangu wa kulia, ubavu wa kushoto, ulikuwa upande wa omo, ndiyo sehemu ya bawaba, ili dirisha likifunguliwa liupe upepo mgongo. Ubavu wa kulia, mkono huohuo ulielekea tezi. Bawaba ukizipindua, msumari unatazama chini na dirisha linaanguka majini. Basi madirisha sita yalikuwa na njia moja tu ya kukaa, nayo ni kinyumenyume, yakifunguka yameukabili upepo.

Niliona haya mpaka nikakaa chini. Kisha nikasimama, nikayafunga hivyohivyo.

Asubuhi ya meli Msimamizi alikuja, akatazama ubavu wa kushoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akazunguka kulia. Kicheko alichokitoa bado nnakisikia.

"Haya yanazoa maji, fundi! Wimbi likiruka linaingia moja kwa moja. Kushoto yaache. Huku kulia piga misumari, sasa hivi." Akanitia mkebe mkononi.

Niliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, nikaumimina wote baharini.

"Umefukuzwa!"

"Kesho, ammi. Leo bado mie fundi wa lanchi hii, na leo itakwenda na madirisha."

Sarahangi, aliyekuwa akisikiliza, akawasha injini na kuondoka bila kungoja neno la mtu. Nikabaki pwani na Msimamizi, kila mmoja akitazama upande wake. Niliogopa, wala sifichi. Niliogopa kwamba wimbi litampiga Zuwena na kosa litakuwa langu.

Lanchi ilirudi baada ya saa nzima, madirisha yote kumi na mawili yakiwa wazi. Bibi mmoja mzee akashuka wa kwanza, akamkodolea macho Msimamizi. "Nnyi ndio mlotutilia upepo mle ndani? Mwaka jana nusura nife." Lanchi ikienda, madirisha ya kulia yalikuwa yakiukamata upepo na kuuingiza, na ya kushoto yakiutoa. Sikuyapanga hayo, na sitadanganya leo kwa kuwa nimezeeka.

Nyuma yake akatoka Zuwena, buibui limerowa bega zima la kulia.

"Madirisha yako?" aliniuliza.

"Yangu. Umerowa."

"Nimerowa," alisema, "lakini nimekuja napumua."

Kesho yake nilifika karakana na vyombo vyangu kama kawaida. Msimamizi alinipita, akaniambia mlango wa ghala unalia, nikautazame. Hatukuzungumza tena habari ya kufukuzwa.

Lanchi ile niliitunza mpaka mwaka sabini, alipoingia sultani mpya, nchi ikabadilika na kazi zikawa nyingi. Nikapelekwa kutia madirisha ya skuli, kisha ya hospitali, chini ya wahandisi wenye ramani, na kila mmoja nilimuuliza upepo unatokea wapi kabla sijashika patasi. Baadhi yao walikasirika. Walinijibu lakini.

Sasa nimestaafu, naishi Hail, pembeni mwa Maskati, kwa binti yangu, yuleyule aliyefika tumboni. Nyumba imefungwa vioo kila mahali na baridi inatoka kwenye mashine ukutani. Mama yake tulimzika miaka mitatu iliyopita. Chumba changu kina dirisha moja, nalifungua kila asubuhi, na kila asubuhi binti yangu anasimama mlangoni, "Baba, joto linaingia, funga."

Sifungi.