Gazeti la Nyama

Leo muuza nyama amenifungia nusu kilo kwa gazeti, na harufu ya wino na mafuta imenirudisha jikoni kwetu, katika mtaa uitwao Tena.

Jumamosi moja, nikiwa bado mwanafunzi, Mama alikuwa anaanza ngumbaru, masomo ya watu wazima kanisani. Mwalimu alikuwa amewaambia wajichagulie wenyewe darasa la Kiingereza, la kwanza au la pili. Majirani wote walichagua la pili.

Mama alinyoosha gazeti la nyama mezani, akasoma habari moja ya Kiingereza kwa sauti bila kukwama. Kisha akachukua kipande cha mkaa, akazungushia kila neno ambalo hangeweza kunieleza. Ukurasa ukawa mweusi.

"Si umesoma yote, Mama?"

"Mdomo ndio umesoma. Mimi bado."

Jirani aliyekuja kumpitia akacheka. "Haki wewe, unaenda kukaa na wale wa a-e-i-o-u?"

"Nitakaa nao. Nikitoka huko, nitakuwa nimetoka kweli."

Akanawa mkaa vidoleni, akaenda darasa la kwanza, kichwa juu.

Jumatatu, mimi niliyezoea kuitikia "yes" kwa kila kitu, niliinua mkono darasani.

"Mwalimu," nikasema, "sijaelewa."